Mtu wa Tano Ndegeni

Mama yangu hakuwahi kumwona baba yake. Alizaliwa Tanga wakati babu ameshakwenda kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na yote aliyojua kumhusu aliyapata kwa bibi, nayo yalikuwa machache. Babu alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Waingereza wakamchukua kwenda Kenya kuhudumia ndege za vita. Siku ya pili ya Idi kubwa alipanda ndege ya mabomu pamoja na Makaburu, na ndege haikurudi. Basi. Hakuna kaburi, hakuna picha, hakuna aliyekuja kutoa rambirambi.

Nilipohamia Johannesburg, nikapanga chumba Bertrams na kuanza kushona mapazia na sare za shule, mama hakuniuliza sana habari za kazi. Aliniuliza, "Huko si ndiko kwao wale Makaburu?"

"Ndiko, mama."

"Basi waulize."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia mji huu ni mkubwa, nimwendee nani, nigonge mlango gani? Akasema haya, akabadilisha mazungumzo, lakini kila tulipopigiana simu nilimsikia akingoja kidogo kabla ya kuaga, kama mtu anayesubiri chenji.

Mwaka 2016 presha ilimlaza hospitali. Alipotoka, sauti yake ilikuwa imepungua. "Sitaki mengi," alisema. "Nataka kujua alianguka upande gani. Nikiomba dua nijue naelekeza wapi moyo."

Mwenzangu wa cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, alisikia mazungumzo yale kwa sababu chumba chetu hakikuwa na siri. Akang'ata uzi, akaniambia, "Wende tu, dada. Bale bazungu habakule bantu." Yaani hawali watu.

Nikaenda kwenye jumba la makumbusho ya vita. Mle ndani wameegesha ndege nzima nzima, na nyingine zimening'inizwa juu. Niligusa ubavu wa moja. Bati lake lilikuwa jembamba kuliko nilivyodhani, jembamba kama la sufuria. Sikuweza kuuondoa mkono wangu mpaka mzee mmoja wa Kizungu anayejitolea pale aliponijia, nikadhani ananifukuza. Kumbe alitaka kujua natafuta nini.

Nilimweleza. Akaniuliza jina la babu, nikamtajia, akatikisa kichwa. "Majina tuliyonayo ni ya wanajeshi wetu," alisema kwa upole. "Mafundi na vibarua wa kwenu, aa, hao wengi hawakuandikwa kwetu. Unajua siku?"

"Siku ya pili ya Idi kubwa, mwaka aliozaliwa mama."

Sikutegemea jambo hilo lingemsaidia. Lakini alichukua namba yangu ya simu, na baada ya wiki kadhaa alinipigia. Alikuwa amempata mtu wa kumhesabia Idi ya mwaka ule iliangukia lini. Ndege moja tu ya mabomu ya Afrika Kusini ilipotea Kenya siku iliyofuata. Ilikuwa na vijana wanne. Dada wa mmoja wao bado alikuwa hai, anaishi Turffontein, na kila mwaka huja pale makumbusho na maua.

"Nimemweleza habari zako," alisema. "Amekubali uende."

Nilikwenda Jumamosi. Nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja wa mbio za farasi, na magari yalikuwa yamebanana mpaka kwenye robot, taa za barabarani kama huku wanavyoziita. Yule dada mwenyewe, sasa kikongwe, alikuwa mwembamba, anatembelea kigari cha kushikilia. Nilimwita tannie, kama huku wanavyowaita mashangazi wao, akatabasamu. Kaka yake alikuwa mpiga bunduki wa nyuma katika ndege ile. Yeye alikuwa mtoto wa shule kaka alipopotea.

Nilimweleza habari za babu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole sana, lakini walikuwa wanne. Majina yao nayajua yote."

Nilikunywa chai yangu ili nimalize niondoke. Ni yeye aliyeuliza, labda kwa adabu tu, kwetu tunazungumza lugha gani.

"Kiswahili."

Aliweka kikombe mezani. Akatazama dirishani, akaanza, kwa sauti ya mtoto anayeruka kamba: "Moja, mbili, tatu, ine, tano, sita, saba..." Nane aliiruka. "Tisa, kumi."

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Kaka. Alikuja likizo mara moja kabla ya kupotea. Alinibeba mabegani kuzunguka uwanja huu huu, tunahesabu." Akakigeuzageuza kikombe. "Na yeye alifundishwa na mtu aliyekuwa akihudumia ndege yao. Walimpa jina la Kizungu kwa sababu la kwake liliwashinda."

Kisha alifunika mdomo kwa mkono. Aliniambia jambo ambalo, alisema, hakuwahi kulifikiria vizuri mpaka dakika ile. Kila Jumapili mama yake alikuwa akiwaombea watano. Baba yake alikuwa akimkosoa: wanne, mke wangu. Na mama yake alijibu, na yule aliyekuwa akiwafundisha kuhesabu.

Kwa hiyo katika nyumba moja ya Turffontein mama wa Kikaburu alimwombea babu yangu kwa miaka, bila kujua jina lake, na sisi Tanga hatujui.

Nilimuuliza kwa nini fundi alipanda ndege. Alisema rafiki wa kaka yake alikuja kuwaeleza baada ya vita. Siku ile walikuwa watue kwenye kiwanja cha mbali, kisicho na fundi, wakahitaji mtu. Babu akapanda. Ndege nyingine iliwaona wakitoa moshi juu ya jangwa, kaskazini, karibu na lile ziwa kubwa la Kenya. Waliingia kwenye wingu. Hawakuonekana tena, wala mabaki hayakupatikana.

Nikampigia mama palepale, nikamwambia ni kaskazini ya Kenya, kwenye jangwa karibu na ziwa, nikaweka simu mezani, nikawa mkalimani. Tannie alimhesabia mpaka kumi.

"Nane!" mama alisema kwa kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue. "Mwambie ameisahau nane." Kisha kicheko kikakatika. "Muulize baba alikuwa na sauti gani."

Tannie hakujua. Hakuwahi kumwona.

"Muulize kama kaka yake alisema lolote juu yake. Lolote."

Tannie alifumba macho akikumbuka. "Alisema ni mtu wa maneno mengi," alijibu. "Kila mtu pale kiwanjani alikuwa amechoka kusikia habari za mkewe. Alikuwa anangoja mtoto."

Nilitafsiri. Upande wa Tanga nikasikia jogoo wa jirani na redio. Mama hakukata simu. Mimi na tannie tulikaa tukiitazama mpaka salio lilipokwisha.

Mwezi uliofuata mama alimsomea baba yake hitma ya kwanza. Tannie aliomba asikie, nikaenda tena Turffontein, tukasikiliza Yasini kwa simu ya kaka yangu aliyeko Tanga, tannie ameinamisha kichwa, mikono yake mapajani. Mwisho aliuliza kama wale wanne wametajwa. Nikamwambia wametajwa, maana mama mwenyewe alinitaka nimtumie majina yao. Mwaka uliofuata tannie alifariki usingizini.

Nilifika nyumbani mwaka 2019. Nilimkuta mama anachambua mchele uani, nikakaa naye, nikamwambia nimefurahi kwamba sasa roho yake imetulia.

Aliendelea kuchambua. "Haijatulia, mwanangu," alisema. "Zamani nilikuwa simjui tu. Mtu usiyemjua utamkosaje? Sasa najua alikuwa na maneno mengi. Najua alikuwa akinizungumzia. Nikiamka asubuhi namtaka baba yangu."

Nilivuta ungo nikauweka kati yetu, tukachambua pamoja.