Nyumba Isiyojibu Hodi

Mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe hatembezwi Mji Mkongwe. Lakini skuli ninayosomesha, huko Mwanakwerekwe, ilipata wageni, walimu wenzetu kutoka bara, na mwalimu mkuu akawapangia matembezi ya kutazama majumba ya kale. Kisha akanigeukia mimi. Alisema mimi ni mtoto wa mjini, niwasindikize. Nikamwambia kama ni hivyo basi nitawatembeza mwenyewe, tena kwa raha zao. Akasema hapana, ameshatafutwa kijana mwenye kitambulisho shingoni, mambo siku hizi yana utaratibu wake. Nikaianza siku nimenuna.

Na kununa kwangu kulikuwa na sababu nyengine. Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa amekaa eda katika nyumba yetu ya Kajificheni. Hatoki, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hamuoni wala hasemi naye mpaka muda utimie. Kuna wanawake wanaoilegeza eda wakachungulia dirishani wakanunua mkate. Mama si katika hao. Aliyekaa naye ni mtoto wa mama mdogo, ambaye kila asubuhi hwenda Darajani kutafuta samaki na mboga, na akitoka huurudisha mlango tu bila ya kuufunga. Nyumba yenye eda haifungwi mchana, kwa sababu wanawake wanakuja kumtazama mfiwa na si adabu wakute kufuli. Sisi watoto tulikuwa tukienda jioni, baada ya kazi.

Sasa mama alikuwa ameanza kusema kuna watu ndani ya nyumba. Wanaingia asubuhi, alisema, wanatembea uani, wanazungumza, kisha wanatoka. Mtoto wa mama mdogo hakuwahi kumuona hata mmoja. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alimsikiliza mara ya kwanza kwa huruma, na mara ya pili huku akitazama simu. Kwanza alisema ni huzuni, baadaye akasema ni umri. Akaleta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani zikakoshwa kwa maji, mama akalinywa. Wale watu hawakuacha kuja. Hapo kaka akakata shauri kwamba eda ikimalizika mama atahamia kwake Fuoni, na chumba cha nyuma ameshakipaka rangi, maana mtu mzima anayesikia sauti haachwi kwenye jumba la ghorofa lenye ngazi kama zile. Mama alijibu kwamba nyumba hiyo aliingia bibi harusi na atatoka kwa jeneza. Mimi nilikuwa upande wake, lakini kila nilipofungua mdomo kaka aliniuliza kama na mimi nimewasikia hao watu.

Basi tukaanzia Forodhani. Kijana wetu alikuwa Muunguja wa shamba, kofia kichwani, salamu zake za adabu. Nilikuwa tayari kumpenda, lakini akaanza kusema. Kila kitu kilikuwa zamani. Zamani watu wa hapa walikaa barazani, zamani wanawake wa hapa walivaa buibui, zamani watoto walikwenda chuoni. Mbele yetu palikuwa na wazee wawili wamekaa barazani wanakunywa kahawa, na mwanamke mwenye buibui lake alitupita na mfuko wa mkate wa ajemi, wageni wakampisha njia, na yule kijana akaendelea na zamani yake bila ya haya.

Kwenye mlango mmoja mkubwa akawaonesha misumari ya shaba, akasema iliwekwa kuzuia tembo wasiuvunje. Nikamuuliza tembo gani. Akasema tembo wa India, mwalimu, ndiko mtindo ulikotoka. Nikamwambia misumari tunayoitazama iko Unguja, na tembo wa Unguja angekuja na boti ya Dar. Wageni wakacheka, naye akacheka, akaendelea na mlango mwengine na tembo wale wale. Nilikasirika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, nakiri, lakini kusimuliwa kwenu na mtu anayekusimulia kama umeshakwisha kunachoma. Tukaipita Ngome Kongwe, tukapita Hamamni kwenye mabirika makavu, na kila nyumba ilikuwa ya tajiri fulani aliyekufa. Fundi makenika anayeikaa sasa na watoto wake hakutajwa, wala mama ntilie wa ukumbini.

Tulipoingia uchochoro wa Kajificheni nilikuwa nyuma kabisa, nimemshika mkono mwalimu mmoja mtu mzima ambaye viatu vyake havikupatana na mawe yetu. Nilidhani tutapita tu. Mbele ya nyumba yetu jirani wa siku hizi ni hoteli, hakuna anayemjua mwenziwe. Nikasikia sauti ya kijana ikisema hapa ndipo penye nyumba nzuri kuliko zote, ya bwana mmoja Mwarabu wa mashamba ya karafuu, na kwa bahati mbaya ukoo wake umemalizika, mwenyewe wa mwisho ameshakufa na nyumba iko tupu. Nikainua macho. Ni mlango wetu. Mwenye karafuu alikuwa babu. Baba alikuwa fundi saa Mlandege, na kaburi lake lilikuwa bado bichi.

Kabla sijafika, kijana alishausukuma mlango. Akaingiza kichwa ukumbini akaita hodi, akaita tena, akaita ya tatu. Juu kimya. Akawageukia wageni kwa tabasamu, akawaambia karibuni, hamna mtu. Wakaingia.

Nilibaki nimesimama kizingitini mwa nyumba yetu. Wao walikuwa uani, vichwa wamevinyanyua, kijana anawaonesha boriti za mikoko na namna ukuta ulivyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, simu zinapiga picha, nyayo zinakwenda huku na huku juu ya sakafu aliyoipiga deki mama miaka yote ya ndoa yake. Na mimi nilikuwa nikisikiliza. Watu wanaingia asubuhi, wanatembea uani, wanazungumza, wanatoka. Nikapanda ngazi na viatu vyangu, kitu ambacho sijawahi kukifanya katika maisha yangu.

Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka nyuma ya pazia, tasbihi mkononi, uso ameuelekeza mlangoni. Hakushangaa kuniona. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama nawasikia. Nikamwambia nawasikia.

"Umekuja nao?" akauliza.

Nilimweleza haraka haraka habari ya wageni na mwalimu mkuu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Huyo mwanamume kila asubuhi anawaambia watu kuwa mimi nshakufa. Na mimi nimo ndani ya eda, mwanamume nisiyemjua simjibu. Nnakaa hapa nnasikia nnavyozikwa."

Nilishuka. Sikumbuki yote niliyoyasema, ila najua yalisikika hotelini, kwa sababu watu walitoka kuchungulia. Nilimwambia nyumba hii ina mwenyewe, yuko juu, anamkalia mumewe eda, na akili zake zimetiwa shaka na wanawe kwa sababu ya nyayo za hao anaowaingiza. Kijana akageuka rangi. Alivua kofia, akairudisha, akasema, "Mwalimu, wallahi mimi nnapiga hodi. Tatu, kila siku. Hapana hata siku moja niliyojibiwa."

Hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Mzungu asingeingia. Mzungu angeukuta mlango umerudishwa, angeogopa, angeupiga picha akaenda zake. Ilihitaji mtoto wetu, aliyefundishwa na mamaake kwamba hodi ni tatu, achukue nusu ya mafundisho akaiacha nusu. Nikamuuliza kwao hodi tatu zisipojibiwa mtu hufanya nini. Akasema hurudi. Nikamuuliza na mwanamke aliye edani humjibu nani. Akainamisha kichwa. Walimu wa kike waliokuwamo katika wageni waliomba wapande juu wampe mama pole. Ningewaruhusu siku nyengine yoyote. Siku ile niliwaambia watoke, wote, na wakatoka mmoja mmoja, na kijana akaurudisha mlango taratibu kama kwamba kuna mgonjwa.

Nilimpigia kaka simu pale pale kwenye ngazi, na sitaficha, nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia hao watu wapo, nimewaona kwa macho yangu, nimeingia nao. Mama mzima wa akili kuliko mimi na yeye, na chumba chake cha Fuoni akipangishe. Akasema alhamdulillahi. Kisha akasema, hata hivyo, kuhama ni kule kule. Ameshazungumza na mtu anayetaka kuifanya nyumba hoteli, na neno ameshalitoa.

Nikamuuliza mtu huyo anaichukua nyumba bila ya kuiona? Akasema ameshaiona. Alimleta yeye mwenyewe, zaidi ya mara moja, asubuhi, mtoto wa mama mdogo akiwa sokoni. Walipita chini tu, alisema, kwa adabu, hawakutaka kumsumbua mama.

Yaani katika nyayo zile mama alizozisikia, nyengine zilikuwa za mwanawe. Alikuja asubuhi akatembea uani na mtu wake, na jioni akarudi akiwa na sahani ya kombe, akamshika mama bega, akamwambia anywe, sauti zitaondoka. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu aliyenitangulia kuzaliwa, nikakata simu.

Mama aliita kutoka juu. Nikamjibu naam, nikapanda, safari hii nimevua viatu. Aliniuliza kaka yako amesemaje. Nilitaka kumdanganya na uongo wenyewe sikuupata. Nikamwambia yote, pamoja na asubuhi zile, pamoja na mtu wa hoteli. Alivuta tasbihi punje mbili tatu.

"Yule kijana," akasema mama, "angalau alipiga hodi."