Sahihi ya Kwanza

Kwao Kikoneni, mkubwa ndiye anayetangulia kutia mkono kwenye sinia. Basi wasichana wa chuo walipoandika barua kulalamika kwamba wanatolewa maabara kwa sababu ya ushungi, Twaiba, aliyewazidi umri, alitangulia kutia sahihi. Wakuu wakamfukuza yeye peke yake. Eti kinara wa fujo! Fujo gani ya kalamu na karatasi?

Mwaka wa tatu sasa anakaanga mihogo nje ya nyumba yao. Jana Zainabu, binti wa jirani, alirudi likizo kutoka chuo hicho hicho.

“Shikamoo, dada. Siku hizi maabara twaingia na ushungi wetu, hatuulizwi na mtu.”

“Marahaba. Alhamdulillahi.”

“Nawe dada, ungalivumilia kidogo tu, ungalimaliza masomo.”

Twaiba akamsogezea sahani ya mihogo.

“Kula, mdogo wangu. Tangulia wewe.”