Kabati la Mheshimiwa

Mtaani walimwita Mheshimiwa, na yeye, masikini, alidhani wanamheshimu. Alikuwa mtunza stoo mstaafu aliyevaa koti la suti kwenda kununua chumvi, akitembea katikati ya njia kana kwamba nyuma yake kuna msafara. Mkewe, ambaye tangu mjukuu aje kuishi nao kila mtu alimwita Bibi, ndiye aliyeyapiga pasi makoti hayo na kuvificha viraka vyake. Huyo hakudanganyika na makoti.

Kiinua mgongo kilipotoka, paa likiendelea kuvuja, Mheshimiwa akanunua kabati. Lilifunika ukuta mzima wa sebule, na kila aliyepita aliambiwa kuwa ni mbao ngumu ya msituni. Msitu gani! Lilikuwa chipbodi, takataka za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na kubandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ndani zilipangwa glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea.

Kabati likaja na sheria zake. Madirisha ya sebule yasifunguliwe, vumbi litaingia. Nguo zisianikwe nje, kwani mwenye kabati la namna ile hawezi kuwaonyesha majirani mashati yenye viraka. Basi Bibi akafungiwa kamba ya kuanikia humo humo sebuleni, nguo zikawa zinachuruzika mbele ya kabati mpaka vioo vikatoka jasho.

Mjukuu wa miaka minne, aliyelala sebuleni kwenye godoro, akaanza kukohoa. Macho yalimwasha akayafikicha mpaka yakawa mekundu. Siku za kufua ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, maana chumba kilijaa harufu ya kuchoma pua.

"Hiyo ndiyo harufu ya kitu kipya," alisema Mheshimiwa, akivuta pumzi kwa raha zake.

Mama wa mtoto, binti yao aliyefanya kazi mji mwingine, alipiga simu akasema wazi: hali ikiendelea hivyo, anakuja kumchukua mwanawe. Katika nyumba ile mtoto ndiye pekee aliyecheka. Bibi akaanza kumwekea mabeseni ya maji ya moto kando ya godoro, mvuke umlainishie kifua, kama mama yake alivyomfanyia yeye zamani. Kikohozi kikazidi.

Kwenye zahanati, muuguzi aliuliza kuna nini kipya ndani ya nyumba. Bibi akataja kabati, kamba na mabeseni.

"Gundi ya zile mbao inatoa kemikali hewani, mama," alisema muuguzi. "Inaitwa fomaldehaidi. Hiyo hiyo ndiyo wanayotengenezea dawa ya kuhifadhi maiti. Chumba kikiwa na unyevu mwingi, gundi inavunjika na kemikali inatoka zaidi."

"Kwa hiyo yale mabeseni yangu..."

"Yalikuwa yanaongeza. Fungua madirisha, maji yote yatoke humo ndani. Na hilo kabati, kama mnaweza, litoeni."

Bibi alirudi nyumbani amejaa aibu na hasira, akamweleza mumewe neno kwa neno.

"Maiti?" Mheshimiwa alishtuka. "Mimi nimenunua kabati, sijanunua jeneza!"

"Baba, sikuombi ulitupe. Tufungue madirisha, nguo nianike nje. Basi."

Mheshimiwa alifikiri kwa muda mrefu, mikono nyuma, akipita mbele ya kabati lake huku na huku. Hatimaye akatoa uamuzi.

"Mtoto alale jikoni."

Binti alipofika siku chache baadaye, alimkuta mwanawe sakafuni kati ya ndoo na masufuria, akikohoa.

"Baba, kati ya mwanangu na kabati, kipi kitoke?"

"Usinilinganishie vitu visivyolingana," alijibu Mheshimiwa, akafuta kioo kwa kiwiko.

Binti akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Bibi aliwasindikiza mpaka stendi, akarudi akilia barabarani bila kujali nani anamtazama.

Wiki iliyofuata binti akapiga simu: mtoto hakohoi tena, macho meupe, anakula vizuri. Bibi akampa mumewe habari hizo, akiwa bado na matumaini ya kijinga kwamba sasa angalau ataona haya.

Mheshimiwa akatabasamu.

"Si unaona? Mtoto amepona, na kabati liko pale pale. Nilikwambia halina neno."

Bibi alimtazama mzee huyo mwenye macho mekundu yanayotoka machozi, ndani ya chumba kilichofungwa kila upande. Alimchukia, tena bila kujificha. Akaenda kwenye kamba, akaanza kuchomoa nguo zake mwenyewe moja moja, akizisukuma ndani ya mfuko.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mjukuu wangu."

"Na nguo mbichi hivyo? Utazianika wapi?"

"Nje," alisema Bibi.