Saa ya Baba Yake

Mwalimu wa zamu wiki ile alikuwa mgeni, katoka Tanga, na hakuna kitu cha Kigoma kilichomkera kama giza la asubuhi. Kwao saa kumi na mbili watu wanateka maji wanaonana sura. Kwetu saa hiyo bado unapapasa chini ya kitanda unatafuta kandambili. Yeye hakujali. Saa moja kamili ile ringi ya gari, ndiyo kengele yetu, inagongwa, geti linafungwa, na aliye nje atajijua.

Waliochelewa walipiga magoti mbele ya mstari wakaulizwa sababu, shule nzima ikisikiliza. Kusema kweli tulikuwa tunaisubiri hiyo kuliko wimbo wa taifa.

"Mwalimu, hata jua limechelewa," alisema kaka mmoja wa kidato cha tatu.

"Jua halijaandikishwa shule hii. Chukua fyekeo."

Nilicheka mpaka nikamwona aliyepiga magoti nyuma yake. Alikuwa mwenzangu wa dawati, yule Mrundi. Alihamia muhula ule, yeye na baba yake, wamekimbia vita kwao, wamepanga chumba Rusimbi. Mpole, mrefu, na kwenye netiboli mpira ukishatua mkononi mwake usijisumbue kuangalia, umeshaingia.

"Na wewe? Saa ngapi sasa hivi?" mwalimu akamuuliza.

"Saa moja, mwalimu."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa inakaribia saa mbili.

"Unanidharau?"

"Hapana, mwalimu. Nimeangalia saa kabla ya kutoka."

Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa yake. Anakuja anatembea taratibu, sare imepigwa pasi, hana hata jasho, kama mtu aliyewahi. Wakambandika jina, Bibi Saa Moja. Alhamisi mwalimu akachoka. Jumamosi timu yetu ilikuwa inaenda Mwamgongo kwa boti, kulala na kurudi Jumapili, kucheza na mabinti wa kijiji, wale waliotufunga mwaka uliotangulia wakatusindikiza mpaka majini kwa nyimbo za matusi. Mwalimu akasema mbele ya wote, "Jumamosi hapa mstarini, saa moja. Ukichelewa, unabaki."

Mimi nilikuwa mlinzi. Nazuia, kufunga sijui. Bila yeye tulikuwa tunaenda kuimbiwa tena. Sasa mimi na kusubiri hatuivi, kwa hiyo Ijumaa kengele ya kutoka ilipogongwa tu nikamwambia, "Twende kwenu. Nataka kuiona hiyo saa."

Baba yake alikuwa amekaa kizingitini na redio mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwana. Karibu ukae."

Saa aliivaa mkononi, ya mkanda wa ngozi uliochakaa. Sikukaa. Niliinama nikaiangalia, ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Kabla sijafungua mdomo, redio ya Bujumbura ikataja saa, ikawa ile ile ya mkononi kwake. Hapo ndipo kichwa kikafunguka. Wavuvi wetu wanajua siku zote kwamba ukivuka mpaka kwenda kaskazini unarudisha saa nyuma. Mimi nimekua naisikia hiyo habari, na bado nilimcheka mwenzangu siku tatu.

"Mzee, hiyo ni saa ya Burundi. Huku tuko mbele. Isogeze kidogo tu, maana kesho akichelewa anaachwa."

Akaifunika saa kwa kiganja.

"Hii niliiweka sawa nyumbani. Itarudi nyumbani kama ilivyotoka."

"Sasa mzee, kesho?"

"Boti inaondokea wapi?"

"Kibirizi. Lakini kwanza mstarini, saa moja, saa ya huku."

"Ego," akasema. Kwao maana yake ndiyo. "Atafika."

Mwenzangu akanisindikiza mpaka njiani. "Usimsumbue baba," akaniambia. "Akisema nitafika, nitafika." Nikaondoka roho juu.

Jumamosi niliwahi mpaka mlinzi wa shule akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Wenzangu wakaja mmoja mmoja, wanapiga miayo, viatu vya raba shingoni. Yeye hayupo. Ringi ikagongwa. Hayupo. Nikamwambia mwalimu habari ya saa, maneno yananitoka yamepandana.

"Kwa hiyo kila mtu atakuja na saa ya kwao? Mimi nije na ya Tanga?"

"Tanga saa ni hii hii, mwalimu."

"Geti lifungwe. Twendeni."

Tukashuka Kibirizi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nageuka kila hatua. Kwa hiyo sikuona kitu mpaka nahodha wa timu alipopiga ukelele. Nikatazama mbele. Ndani ya boti, benchi la mbele kabisa, mwenzangu amekaa, kajifunga kitenge mabegani, na baba yake amesimama majini hadi magotini ameshika ukingo wa boti.

"Hukuonekana mstarini," mwalimu akamwambia.

Mzee ndiye aliyejibu. "Mwalimu, mambo ya saa yalinichanganya. Nikaona nimlete hapa. Boti haiwezi kwenda bila kupita hapa."

"Mmefika saa ngapi?"

Mzee akaangalia mkononi. "Saa kumi na moja."

Wasichana wakaanza kucheka, ila mwenye boti akadakia huku anamimina mafuta kwenye injini. "Mwalimu, hawa wamenikuta nimelala. Nikawaambia boti yangu haikimbii. Huyu mzee akasema boti waliyokuja nayo wao haikusubiri mtu, akaushika huo ukingo mpaka sasa."

Mwalimu akatazama saa yake. Akatazama na ile ya mzee, kwa muda mrefu, kama mtihani usio na majibu.

"Ningekwambia upande," akamwambia mwenzangu, "lakini naona umeshapanda."

Nikaruka ndani, nusura nimwangukie. Kiganja chake kilikuwa baridi kama samaki. "Bibi Saa Moja," nikamwambia, akanipiga kibao cha bega. Injini ikakohoa, mwenye boti akaanza kutusukuma.

"Mwalimu," mzee akaita kutoka majini, "kesho mnarudi saa ngapi?"

"Saa kumi jioni," mwalimu akajibu. Halafu akainuka, boti inayumba, akaweka mikono mdomoni. "Kwa saa yako, mzee, saa tisa."