Mgongo Mweupe

Mume wangu aliitwa Mgongo Mweupe mpaka anaingia kaburini. Wanaolitumia jina hilo husema alikuwa mwoga aliyejibana ukutani siku ya sherehe ya wanajeshi. Juzi mkwe wetu mmoja alilitamka sebuleni kwangu, anacheka, na kikombe changu mkononi. Nilimwacha amalize chai yake. Nyumba yetu haigombani na wageni. Lakini siku ile nilikuwepo, na mkwe hakuwepo.

Alikuwa fundi chokaa, mtoto wa fundi chokaa. Mimi nilifundisha historia sekondari, na jioni nyingi tulibishana mezani kuhusu mji huu kama watu wanaogombania shamba moja. Tuliugombania hasa ukuta mmoja wa ukumbi wa baraza. Wafalme wa kwanza waliujenga walipokichagua kilima hiki juu ya mto, wakaukandika udongo mwekundu. Waliouteka mji baada yao waliupaka chokaa. Magavana walioleta reli wakaona weupe unawaumiza macho, wakaweka manjano. Tulipojitawala, chama kikaweka samawati, na bunge la kwanza likakaa mle. Kila mtawala alifunika rangi ya aliyemtangulia.

Mafundi nao walikuwa na desturi yao. Nyuma ya mlango, usawa wa bega, waliacha sehemu ndogo kama kiganja bila kuifunika. Kila rangi mpya iliishia nyuma kidogo ya ile ya zamani, hata zote zikaonekana pamoja, kama ngazi. Waliiita dirisha. Fundi ajaye aliliangalia akajua chini kuna nini kabla hajagusa ukuta. Baba mkwe alimfundisha mume wangu kuacha dirisha kabla hajamfundisha kushika mwiko.

Kisha wanajeshi wakakipindua chama, na samawati ikawa hatia. Jirani yetu seremala alichukuliwa mkewe akiwa anakoroga uji, kwa sababu ya rangi ya mlango wake. Mlango ulibaki, umeparuliwa kwa panga. Mwenyewe hakurudi. Nyumbani tulianza kutazamana na vitu vyetu: beseni, shuka, sare ya binti yetu. Sare niliichovya kwenye rangi nyeusi, binti akaenda shule kama anayetoka msibani.

Mume wangu akaamriwa kuupaka ukumbi chokaa, pasionekane hata doa. Akaupaka. Asubuhi ya sherehe nilimkuta kitandani, amefunga vifungo nusu, anatazama kiganja chake.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo kwa utani, ila siku hiyo utani haukuwemo. "Nimeacha dirisha."

"Mle ndani? Na samawati inaonekana?"

"Inaonekana."

"Baba watoto, ulikuwa unawaza nini?"

"Sikuwaza. Mkono umezoea."

Mlango ukiwa wazi, ubao wake ungelifunika dirisha. Lakini mgeni rasmi akishaingia, wangeufunga. Niliwaza uji wa mke wa seremala, ulioungua mpaka ukanuka mtaa mzima.

Mafundi walikuwa wamealikwa, hivyo tulikuwa na sababu ya kwenda. Getini askari waliwapekua wanaume mpaka soksi. Mimi nilivaa gauni langu jeusi la heshima, nikawapa shikamoo zao kwa sauti ya darasani, wakanipisha. Chokaa mbichi ilikuwa ndani ya mkoba wangu wa shule, imefungwa kwenye nailoni.

Nyuma ya mlango mume wangu alipaka kwa kiganja, bila mwiko. Alipomaliza, tukaona lile ambalo hofu ilitusahaulisha: chokaa mbichi haina weupe. Pale palikuwa na doa la kijivu, linang'aa kwa maji, kwenye ukuta mweupe kama maziwa.

Ngoma za bendi zikaanza nje. Mgeni rasmi akapita na watu wake, mlango ukafungwa, nasi tukabaki wazi mbele ya ukumbi mzima. Mume wangu akageuka, akaegemea.

Afande wa ulinzi akatukaribia. "Fundi, ukiuacha huo ukuta utaanguka?"

"Miguu, afande. Uzee huu."

"Basi wewe ndiye nguzo ya taifa," akasema, na wenzake wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Sijapata kusikia kicheko kibaya kama kile.

Hotuba ilikuwa ndefu. Nilianza kuamini tutapona. Ndipo mafundi wakaitwa mbele wapigiwe makofi, na afande akamshika mume wangu mkono. "Nenda, nguzo."

Akaenda. Mgongoni mwa koti lake palikuwa na chokaa yote, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jina lilizaliwa pale. Wote walitazama koti. Mimi peke yangu nilitazama ukuta: chokaa ilikuwa imebanduka, na samawati inachungulia.

Nikasogea, nikaegemea palepale.

"Mama, na wewe tena?" afande akauliza.

"Nashika zamu, afande. Nguzo imekwenda kupigiwa makofi."

Akanitazama. Macho yakashuka kwenye mkoba wangu, yakapanda tena usoni. Nilimwomba Mungu asiniambie nisogee. Kisha akatikisa kichwa, akacheka, akaenda zake.

Nilisimama mpaka mtu wa mwisho ametoka na mlango umefunguliwa tena. Chokaa iliyobaki kwenye mkoba niliipaka mwenyewe, nikaikandamiza kwa pindo la gauni isibanduke tena. Mume wangu alinisubiri nje akichekwa na wenzake, akawaacha wamcheke. Aliwaacha maisha yake yote. Kulieleza jina lile kungekuwa kutaja rangi, na hata wanajeshi walipoondoka hakuwahi kuamini kwamba wameondoka kweli.

Ukumbi sasa ni makumbusho. Dirisha limefunguliwa na kuwekewa kioo, mlango umegeuzwa ufungukie nje usilifunike, na watalii hulipiga picha. Nilikwenda baada ya mkwe kuondoka. Kijana anayewaongoza wageni alieleza wafalme, magavana na chama, akaonyesha kwenye chokaa ya mwisho alama ya nyuzi za kitambaa. Akasema ni mtindo wa zamani wa kukandika ambao haujulikani vizuri.

Nilitaka kumwambia ni gauni la mwalimu. Nilifungua mdomo. Nyuma yangu mlinzi akaufunga mlango, na kabla sijajua nafanya nini, mgongo wangu ulikuwa umeshafika ukutani, umebana kioo.