Maji Yakichoka, Ongeza Dawa

Mdogo wangu alilewa maji.

Msinicheke. Jumanne, saa nne asubuhi, tumboni ana chai tu, mtu mzima mwenye mke aliinamia mashine inayoosha vyuma kwa maji ya sabuni. Akacheka peke yake, akaropoka maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka chini kama gunia.

Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Mahali pa kunitukana papo, nitawaonyesha mwenyewe.

Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kuoshea kwenye karakana inayofufua pampu za injini. Nilikuwa na miaka kumi na saba pale. Pampu inaletwa imekufa, mafundi wanaifungua, vipande vinakuja kwetu vimeganda grisi. Sisi tunavitakatisha, wao wanaviunganisha upya.

Chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na huyo mdogo wangu. Tunamwita Pua.

Jina la utotoni hilo. Alikuwa akifika njia panda anajua mama kapika nini, na kama chumvi imezidi anajua.

Vyuma tulikuwa tunaviosha kwa dawa. Tuliiita hivyo hivyo, dawa. Ilikuja kwenye mapipa, nyeupe kama maji. Unachovya chuma chenye grisi ya mwaka mzima, unakitoa kinameta na kimeshakauka. Jina lake jingine hatukulijua wala hatukuuliza. Lete dawa, funika dawa, dawa imekwisha. Ukisema dawa mle ndani, hakuna mtu atakayekuuliza dawa gani.

Ilikuwa na mambo yake, nisiwafiche. Kichwa kilikuwa kinatugonga kila jioni. Pua alikuwa akirudi nyumbani macho mekundu, ulimi mzito, miguu haielewani. Siku za mapumziko anakuwa mzima kabisa, akirudi kazini yanaanza tena.

Wifi yangu, mke wake, akaapa kwamba mumewe anakunywa pombe kazini na mimi namficha. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Nikamwambia kama amemchoka mume amrudishe kwetu, mama bado anamhitaji. Tukanuniana miezi mitano.

Bosi ndiye aliyesikia habari za mashine ya maji. Akaiagiza.

Aliyekuja kuifunga alikuwa fundi mmoja mwanamke, mwembamba, asiyependa porojo. Alitueleza kwamba mashine inayatetemesha maji ya moto kwa mlio mwembamba mno, ambao sikio haliusikii sawasawa. Maji yanatoa vipovu vidogo sana, vinapasukia kwenye chuma na kung'oa uchafu mpaka kwenye matundu ambayo brashi haifiki. Pua akaguna. Fundi hakubishana naye, alichukua kipande cha foili ya kufungia chakula akakichovya. Kilitoka kimetobokatoboka kama kimeliwa na mende.

"Sasa fikiria grisi," akasema.

Pua hakukubali. Toka lini chuma na maji vikapatana? Na wiki ya kwanza ikampa haki, maana vyuma vyote vilitoka safi na kesho yake vina kutu. Kosa lilikuwa letu. Tulivitoa tukaviacha vijikaushe vyenyewe, kama tulivyozoea kwenye dawa.

Pua akachukua kimoja, akakipeleka mpaka mezani kwa bosi. "Mzee, hiki tumekiosha au tumekizika?"

Karakana nzima ilicheka. Bosi hakucheka, na hakusahau.

Fundi akatufundisha upya. Suuza, halafu puliza hewa ya moto papo hapo. Kutu ikaisha, na Pua akanyamaza.

Wiki ya tatu vyuma vikaanza kutoka na utelezi. Nikampigia fundi simu, nikamkuta barabarani, kelele tupu. Aliniambia maji yamechoka, akanipa la kufanya, akakata. Nikaliandika kwa wino mwekundu kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya mashine, nikaenda kwa mafundi kufuata vyuma vingine.

Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Siku hizo tulikuwa tunaufunga, kwa sababu watu wa ofisini walilalamika kwamba mashine inawalilia masikioni kama mbu. Nilipofungua nikamkuta ameegemea mfuniko wa mashine anacheka. Nikamuuliza anacheka nini. Akaropoka maneno yasiyoeleweka, akaanguka.

Nilimburuta nje kwa kwapa. Sijui nguvu nilizitoa wapi.

Hospitali wifi alikuwa ameshafika, khanga imemwanguka begani wala hana habari nayo. Daktari akanigeukia mimi niliyetoka naye kazini.

"Anatumia dawa yoyote?"

"Hapana, daktari. Huyu hata ya kichwa hamezi."

"Pombe?"

Nikasema hapana. Wifi akainamisha uso, akasema kwa sauti ndogo, "Nadhani anakunywa."

Ikawa imekwisha. Mlevi. Walimtundikia chupa ya maji, wakamlaza kitanda cha mwisho karibu na ukuta, alale mpaka pombe itoke. Nilitaka kupigana, lakini kwa sababu gani? Hata mimi nilianza kuamini. Macho mekundu, ulimi mzito, miezi yote ile. Nikawaza, kumbe wifi alikuwa anaona na mimi nilijitia upofu.

Saa nane mchana midomo ikaanza kubadilika rangi. Muuguzi akamshika mkono, akahesabu mapigo, akahesabu tena. Akaniambia moyo unaruka, unapiga mara mbili unasimama. Kisha akainama kifuani kwake, akakunja uso.

"Hii nguo inanuka nini? Kitu kitamu kitamu. Chumba kizima kinanuka."

Mimi sikusikia kitu. Nikavuta ovaroli yake mpaka puani, nikavuta pumzi zote. Sikusikia kitu, jamani. Miaka kumi na saba.

Hapo ndipo nilipojua, maana harufu tamu niliikumbuka tangu siku zangu za kwanza kazini. "Ah," nikasema, "hiyo ni dawa."

Daktari alikuja mbio. "Si ulisema hatumii dawa?"

"Si ya kunywa. Ni ya kuoshea vyuma."

Aliniangalia kama mtu aliyetemewa mate. "Inaitwaje?"

"Dawa."

"Mama, jina lake."

Sikuwa na jina. Naapa nilisimama pale mbele ya ndugu yangu wa tumbo moja anayekufa, daktari ameshika kalamu, na mimi nasema dawa, dawa, kama kasuku. Akaniambia bila jina anatibu kwa kubahatisha, nikimbie nikalitafute.

Nilikimbia kweli, kiatu kimoja nikakiacha barabarani. Nikiwa njiani nilikuwa najiuliza dawa imetoka wapi, maana tuliacha kuitumia, na Pua alikuwa kwenye mashine ya maji.

Chumbani, kwenye kona, pipa la mwisho la dawa lilikuwa bado lipo. Bosi aliniambia liondoke tangu mashine ilipofungwa. Nilisema kesho. Lebo ilikuwa imefunikwa na grisi, nikaikwangua kwa kucha mpaka damu, likatokea jina refu ajabu. Nikaibandua yote.

Nilipogeuka nikaona dumu la bluu la sabuni ya mashine. Halijafunguliwa. Kikombe cha kupimia kilikuwa juu ya pipa.

Nikainua macho ukutani. Mwandiko wangu, wino mwekundu:

MAJI YAKICHOKA ONGEZA DAWA, VIKOMBE VIWILI.

Fundi alisema dawa akimaanisha sabuni. Kwake chochote kinachotiwa kwenye maji ni dawa. Mimi nilimwelewa, kwa sababu nilipokuwa naongea dumu lilikuwa miguuni pangu. Pua hakuwepo kwenye simu. Alisoma neno ambalo mimi mwenyewe nilimfundisha maana yake siku yake ya kwanza kazini. Akatia dawa kwenye maji ya moto, mlango umefungwa, na pua iliyokufa haikumwambia kitu.

Niliichana karatasi ukutani nikaisokomeza kifuani, ndani ya blauzi. Mtu asije akaiona. Niliwaambia mahali pa kunitukana papo. Ni hapa.

Lebo ilimsaidia daktari. Wakamwekea hewa, wakambandika nyaya kifuani, wakapigana na ule moyo mpaka ukatulia. Wifi alinishika mkono akalia, ananiomba msamaha kwa kumwita mumewe mlevi. Ananiomba msamaha mimi! Nikampangusa machozi, karatasi inanichoma kifuani.

Pua aliamka siku ya tatu. Tulikuwa wawili. Kitu cha kwanza kuniuliza, kwa sauti iliyokwaruza, "Dada, ile karatasi iko wapi?"

Nikasema sijui.

"Afadhali," akasema, akafumba macho.

Sikumwelewa. Nilimwelewa mchana, bosi alipokuja.

Bosi alikuwa amekwisha kuona dumu halijafunguliwa na kikombe kiko kwenye pipa. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema hii ni hujuma. Mtu aliyeleta chuma chenye kutu mezani kwake kumdhihaki ndiye aliyetia sumu kwenye mashine ili ionekane mbaya. Akasema aliyejidhuru mwenyewe karakana haimtibu, na kazi hana. Wifi alipiga magoti. Daktari alikuwa ameshatuambia moyo unataka miezi ya matibabu, yakikatizwa tunaweza kumpoteza.

"Ni kweli?" bosi akamuuliza Pua. "Au kuna mtu alikuagiza?"

Pua akaniangalia. Nikatazama sakafu.

"Hakuna aliyeniagiza," akasema. "Ni mimi. Nilitaka mashine yenu iharibike."

Wifi alitoa sauti ambayo sitaisahau.

Mnajua, nilikuwa na watoto wanasoma, nilikuwa na cheo. Nilijiambia amejitolea mwenyewe, mwache. Nilijiambia hivyo kabisa, pale pale, kwa muda wa pumzi mbili. Kisha nikamwona anajaribu kunikonyeza, kama tulipokuwa wadogo akibeba kosa langu kwa mama, na jicho halifumbiki vizuri kwa sababu ya ile sumu.

Nikatia mkono kifuani, nikatoa karatasi niliyokuwa nalala nayo siku zote tatu. Ilikuwa imelowa jasho lakini inasomeka.

"Mzee, soma. Mwandiko wa nani huo?"

Alisoma, akaikunja taratibu akaitia mfukoni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kesho yake nikavuliwa usimamizi, nikapelekwa kufagia stoo, na nilistahili. Pua akatibiwa mpaka mwisho, na nafasi yake ikamngoja.

Mama alipoambiwa yote, alisema moja tu: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikamwambia mama, mimi nilijikwaa kalamu. Hakucheka.

Leo pipa halipo. Juu ya mashine kuna karatasi mpya, mwandiko wa Pua: SABUNI YA DUMU LA BLUU, VIKOMBE VIWILI. Neno dawa ni marufuku mle ndani, ukilitaja unafukuzwa ukanywe maji nje.

Mwezi uliopita alikuja kwangu na wifi. Tumekaa sebuleni, tunacheka, tumepatana. Katikati ya mazungumzo Pua akainua uso.

"Dada, kuna kitu kinaungua jikoni."

Wifi akaanza kulia, kwa sababu alijua maana yake. Miaka tisa, tangu dawa iiue pua yake, mtu huyu alikuwa hasikii harufu.

Nikakimbia jikoni. Sufuria ilikuwa imeshakuwa nyeusi, moshi umejaa mpaka darini. Nikasimama katikati ya ule moshi, nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote.

Mimi bado sisikii kitu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kazini kwako mkiwa na kitu mnakiita "dawa", "ile kitu", "maji ya pipa", nenda kasome jina lake leo. Kalisome na wenzako wakusikie. Usingoje daktari akuulize.