Kijani Kwenye Shavu la Mama

Picha zetu zote ziliporwa pamoja na sanduku mwaka ule wa vita, kwa hiyo mama alipoanza kuugua, miaka michache baadaye, hatukuwa na sura yake popote. Baba, askari polisi, akamleta kwenye kota yetu ya Nsambya mwanafunzi mmoja wa sanaa ili amchore. Alasiri tatu mama alikaa dirishani. Kazi ilipokwisha, shavu lake la upande wa kivuli lilikuwa la kijani.

Nilichukia. Nani amewahi kuona mtu wa kijani? Lakini mama aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu kijana ameona mimi," alisema.

Alifariki kabla ya Krismasi. Wakati wa matanga picha ilikuwa ukutani, na majirani wakanong'ona kwamba amechorwa akiwa maiti tayari. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na aibu ilinichoma. Baba alipokwenda zamu, nikaibeba hadi mtaa wa Wandegeya, kwa fundi wa mabango aliyechora wanawake kwenye milango ya saluni. Nikamwambia amrembeshe. Akampaka mashavu laini ya kahawia na midomo myekundu. Majirani wakasifu. Baba aliitazama, akaiacha pale pale ukutani.

Nilipokua nikapata kazi ya kukagua karatasi zilizochapwa kwenye duka la uchapaji, huko huko Wandegeya. Siku moja tulichapa kijitabu cha maonyesho ya michoro, nami nikatenga rundo zima kama bovu, kwa sababu uso wa mzee mmoja ulikuwa na samawati. Fundi wa mashine, Mkenya mwenye mdomo mkali, akanipa kioo chake cha kukuzia.

"Dada, kabla hujatupa kazi yangu, angalia kwanza."

Nikainama. Ngozi ya mzee haikuwa na kahawia hata kidogo. Ilikuwa vitone vya samawati, manjano na waridi vilivyosongamana. Nilipoondoa kioo, ngozi ikarudi kuwa ya kahawia. Kisha akaniambia niutazame mkono wangu mwenyewe, upande usio na mwanga. Kijani kilikuwapo. Kilikuwapo siku zote, na mimi na macho yangu mawili sikuwahi kukiona.

Nilirudi nyumbani na chupa ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Sura ya mama nilikuwa nimeshaisahau. Kila nilipomkumbuka alinijia yule mrembo wa bango. Nikailaza picha mezani, nikachovya tambara. Midomo myekundu ikatoka. Kahawia ikalainika, na kwa muda mfupi sana nikaliona shavu lake, la kijani, limechoka, lake kabisa. Nililia kwa furaha. Nikasugua kupanda juu, kuyatafuta macho. Lakini thina haichagui rangi ya fundi na rangi ya mwanafunzi. Shavu likayeyuka, macho yakafuata, nami mjinga nikaendelea kusugua nikidhani bado yuko chini, mpaka nikafika kwenye kitambaa cheupe kilichochorewa picha.

Baba, mstaafu sasa, aliingia akifuata harufu. Aliinama juu ya meza.

"Ile ya saluni haikuwa mama yako, hiyo mimi najua," alisema. "Lakini yule fundi hakugusa macho. Miaka yote mimi nilikuwa naangalia macho tu."